Kasha la Vitofali Lisilofunguka

Siku hizo nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusukuma mlango wa chumba cha mbele kwa bega, maana ulikuwa unakwama. Ya pili ilikuwa kumsalimia mama mdogo bila kusimama dirishani. Ukiziba mwanga tu, anakwambia bila hata kugeuka, "Toka hapo, sijaagiza pazia."

Mama mdogo alikuwa anachapa kazi za watu. Barua, ripoti, maombi ya kazi, mialiko, chochote ulichoandika kwa mkono yeye anakitoa kikiwa safi. Chumba kilikuwa na meza, printa, benchi la wateja na kompyuta moja ya zamani. Mimi na dada yangu tulikuwa tunaishi naye. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja na mtaa mzima ulimwita Rula, kwa sababu hatoki nyumbani bila rula mfukoni. Anapima kila kitu, hata mkate kabla haujakatwa. Mimi nilikuwa na kumi na mitatu, naitwa Pilipili. Ungeniona nimekaa kwenye kiti dakika tano, ungejua kwa nini.

Sasa, kasha la ile kompyuta, yaani lile boksi la chuma linalobeba mitambo, lilikuwa limeoza. Paa lilivuja juu yake msimu mzima wa mvua, na kutu ikala miguu, ikala ubavu, mpaka ubavu mmoja tukaufunga kwa kamba ya kiatu. Mama mdogo akamwita mjomba, mdogo wake, ambaye ni fundi wa redio na kompyuta. Mjomba aligonga kasha kwa kidole, kutu ikamwagika kama unga.

"Dada, mashine yenyewe ni nzima," alisema. "Nyumba yake ndiyo imekwisha. Na makasha ya saizi hii siku hizi huyapati."

"Kwa hiyo nifunge kazi?"

"Sijasema hivyo. Nasema nipe muda nitafute."

Rula alikuwa amechuchumaa chini ya meza na rula yake. "Mjomba," akasema, "ni lazima kasha liwe la chuma?"

"Lazima lisimame imara, lifunguke, na lipitishe hewa. Chuma ni mazoea tu. Kwa nini?"

Rula alikwenda chumbani kwetu akarudi anaburuta ndoo mbili za vitofali vya kuchezea, vile vya plastiki vyenye vinundu juu, ambavyo unavibana kimoja juu ya kingine vinashikana. Tulikuwa tumevikusanya tangu tuko wadogo. Mama mdogo alicheka. Mjomba hakucheka. Alichukua viwili, akavibana, akavuta, akavibana tena.

"Inawezekana," akasema. "Lakini tusikilizane. Mitambo naifunga mimi kwenye ubao, umeme hamgusi. Nyie mnajenga kuta na kifuniko. Nyuma nitaweka feni ya kutoa joto nje, kwa hiyo mbele lazima hewa baridi iwe na pa kuingilia." Akamgeukia Rula. "Kasha likikaa wiki nzima bila kulalamika, likizo unakuja kukaa kwenye benchi langu nikufundishe."

Hapo mnielewe. Benchi la mjomba halikuwa la mtu yeyote. Mimi mwenyewe niliwahi kukaribishwa, nikadumu dakika kumi, nikachanganya skrubu za redio mbili. Rula alisema tu, "Sawa, mjomba," lakini niliona anavyoikamata rula kwa mikono miwili.

Tulijenga siku nne. Rula alichora kila ukuta kwenye daftari la hesabu, kila kisanduku kitofali kimoja. Alinifundisha kuwa kiungo cha tofali la juu kisikae sawa na kiungo cha chini, la sivyo ukuta unapasuka kwa mstari. Mimi nilikuwa mwepesi wa kuchambua rangi, na ukuta wa mbele ulikuwa wangu. Nikaamua kuweka jua la njano kwenye samawati. Jua kubwa, zuri, mtu akiingia tu alione.

Tatizo ni kwamba Rula alikuwa ameacha matundu sita kwenye ukuta ule, chini, katikati kabisa ya jua langu.

"Linaonekana kama limeng'oka meno," nilimwambia.

"Hapo ndipo hewa inapoingilia, kaka."

"Hewa ni hewa. Itapenya hata kwenye viungo."

"Haipenyi. Weka mdomo hapa, puliza." Nilipuliza. Haikupenya. Nikasema vitofali vya pale vimebanwa sana, tukaishia hapo.

Ijumaa mjomba alikuwa ameshafunga ubao wa mitambo na feni ya nyuma, akatuachia tumalizie ukuta wa mbele na kifuniko. Jumapili mchana Rula akatumwa dukani. Nilibaki peke yangu na jua langu lenye mapengo. Nikatafuta vitofali sita vya njano, nikavipachika. Lo, lilikuwa jua kweli! Halafu nikawaza: akirudi atavitoa. Kwenye droo kulikuwa na gundi ya viatu, ile kali inayoumiza pua. Nikapaka matundu yote sita, na mkono ukanoga, nikapaka ukuta mzima wa mbele. Hakuna wa kuling'oa tena.

Rula aliingia akikunja pua. "Harufu gani hii?"

"Nimebandika soli ya kiatu."

Akainama mbele ya kasha. "Matundu yako wapi?"

Ningeweza kusema ukweli, tungegombana, yangeisha. Badala yake nikasema, "Mjomba alipita. Kasema matundu ya mbele si lazima."

Mjomba hakuwa amepita. Wikendi ile alikuwa na kazi upande mwingine wa mji. Rula alisimama kidogo, halafu akachukua daftari akaandika: Mjomba kasema matundu ya mbele si lazima. Hakuuliza tena. Kwake, neno la mjomba lilikuwa limefunga mjadala.

Jumatatu, nilipotoka shule, benchi la wateja lilikuwa na binti mmoja mwanafunzi wa unesi. Alikuwa na ripoti yake ya mwisho, kurasa nyingi za mwandiko mdogo, na ilitakiwa chuoni Alhamisi. Aliliangalia kasha akasema, "Mama, hii kompyuta au keki?"

"Usiidharau," alisema mama mdogo, anachapa. "Tangu saa sita haijakohoa."

Hakumaliza sentensi ile vizuri. Kioo kikawa cheusi. Akawasha, ikawaka, baada ya dakika chache ikazima tena. Kurasa mbili ambazo hakuwa amehifadhi zilipotea. Binti wa unesi akasimama, akakaa, akasimama.

Mjomba alikuja na begi lake la vifaa. Aliinua kifuniko, akaweka kiganja juu ya mitambo, akakitoa haraka. "Imejizima yenyewe isiungue. Feni inazunguka vizuri. Lakini inavuta nini, kama hakuna kinachoingia?" Akapitisha kidole ukuta wa mbele, kwa ndani. "Rula, matundu yako wapi?"

Rula alimwangalia. Niliona wazi anachowaza: mjomba mwenyewe ndiye kasema si lazima, sasa amesahau. Lakini huwezi kumwambia mjomba wako kwamba amesahau, mbele ya mgeni. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

"Si nilisema hewa iwe na pa kuingilia?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, na ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, haukuwa umepotea.

"Mjomba," Rula akasema polepole, "si tunavitoa tu? Ni vitofali." Akashika kitofali cha njano akavuta. Akavuta tena, mpaka ukucha ukapinda. Akanusa kidole. Halafu akageuza uso akaniangalia mimi, si kwa hasira, alikuwa anasubiri tu.

Nikaangalia dirishani.

"Mmegandisha," mjomba alisema. "Nilisema lifunguke." Alishusha pumzi. "Dada, chapa kifuniko kikiwa pembeni kwa leo. Naenda kuleta msumeno mdogo. Na wewe, Rula, habari ya benchi tuiache kwanza. Kazi ya mashine inataka mtu anayesikia anachoambiwa."

Akatoka. Nje mawingu yalikuwa yamejaa, na juu ya meza ya mama mdogo palikuwa na ile alama ya maji kwenye dari, ambayo wote tuliijua. Mama mdogo akaiangalia. Kasha lisilo na kifuniko, chini ya paa linalovuja.

Rula alikuwa uani, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, daftari magotini. Ukurasa ulikuwa wazi pale pale kwenye yale maneno ya mjomba ambayo mjomba hakuyasema.

"Nilidhani utasema," aliniambia. "Nilihesabu mpaka thelathini."

Angenipiga ingekuwa nafuu. Nilikimbia. Nilimkuta mjomba karibu na karakana yake, nikamweleza yote palepale barabarani, matundu, gundi, soli ya kiatu, na kwamba nilitumia jina lake. Nilikuwa nahema, nadhani nusu hakunisikia. Kumbe alisikia.

"Kwa hiyo alinyamaza kunilindia mimi heshima," alisema.

"Ndiyo, mjomba. Naomba unisamehe."

"Umekuja kuniambia mimi, vizuri. Ila si mimi niliyelaumiwa. Nani amelaumiwa, na mbele ya nani?"

Nilijua jibu. Akachukua msumeno, tukarudi pamoja. Mjomba hakunisaidia hata neno moja. Nilimwita Rula kutoka uani, nikasimama katikati ya chumba, mbele ya mama mdogo na yule binti wa unesi ambaye simjui hata jina.

"Matundu aliyaacha," nilisema. "Mimi ndiye niliyeyaziba, kwa sababu ya picha. Nikaweka gundi ili asiyafungue. Nikamdanganya kuwa mjomba kasema. Kurasa zilizopotea ni kwa sababu yangu mimi."

Binti wa unesi akasema taratibu, "Basi mimi nilikuwa nishamlaumu mdogo wangu huyu moyoni. Nisamehe, mdogo wangu." Rula akaitikia kwa kichwa.

Mama mdogo hakupandisha sauti. Alizima mashine, akachomoa waya ukutani. "Msumeno umpe yeye," akamwambia mjomba.

Mjomba aliutoa kwanza ubao wenye mitambo. Nilikata ukuta wa mbele mwenyewe, jua langu lote. Vitofali vilivyogandishwa vilitoka vimevunjika vinundu, havifai tena hata kuchezea, ukichukua mkononi unaona tu uchafu wa gundi. Nilikuwa bado nakata tone la kwanza likapiga bati. Ndoo zilikuwa zimebaki na rangi za mchanganyiko, kwa hiyo tukajenga na tulichopata: nyekundu, nyeusi, kijani, nyeupe mbili. Rula anataja saizi, mimi namrushia. "Vinundu vinane. Vinne. Vinne tena. Hapa acha tundu." Safari hii sikubishana hata na tundu moja. Hata binti wa unesi aliinama kuchambua, anasema kumbe kujenga keki ni kugumu.

Mjomba akarudisha ubao ndani, tukapachika kifuniko maji yakiwa yameanza kudondoka kutoka darini. Tone la kwanza lilitua juu ya kitofali chekundu, likateleza, likaanguka sakafuni. Mama mdogo akasogeza meza, akaweka sufuria, akawasha. Mjomba akashika kiganja cha Rula akakiweka mbele ya yale matundu sita.

"Unasikia?"

"Inavuta," Rula alisema.

Ripoti ilitoka Jumatano, siku moja kabla. Kasha lilimaliza wiki bila kulalamika, na likizo ilipofika Rula alikwenda kwenye benchi na rula yake. Mimi sikualikwa. Niliulizwa tu kama naweza kufagia karakana, nikasema naweza.

Jioni ya ile Jumatatu, wateja walipoondoka, mama mdogo aliniita nikakae kwenye benchi. Nilikaa. Kwa mara ya kwanza sikutikisa miguu.

"Gundi haikuwa kosa la kwanza," alisema. "Kosa la kwanza ni kwamba ulijua dada yako yuko sahihi, ukaona bora ufunge asiweze kukuonyesha. Halafu uongo ukafanya kazi ile ile ya gundi. Ulifunga kasha, ukafunga na mdomo wake. Mtu akikufanyia kazi ya kweli, anakuachia nafasi ya kuifungua uikague. Ukiona unatafuta gundi ili mtu asione ndani, simama hapo hapo ujiulize unaficha nini."

"Ndiyo, mama."

"Na lile jua," akaongeza, "lilikuwa zuri. Ungelichora kwenye karatasi, ningelibandika ukutani."

Nilichora kesho yake. Lipo mpaka leo, juu ya kompyuta, limepauka kidogo. Chini yake lile kasha la rangi za ajabu bado linafanya kazi, na mteja mgeni akicheka, mama mdogo anainua kifuniko kwa mkono mmoja bila kuacha kuchapa, anamwambia, "Angalia ndani ukitaka. Linafunguka."