Bastola Ndani ya Kikapu

Kila siku jioni, baada ya kurudi shuleni na kunywa chai, Chandrika alishuka ngazi hadi barazani, mbele ya duka la baba yake huko Mchafukoge. Hapo alimngoja rafiki yake Zamda. Zamda alitoka Kariakoo kwa miguu, akakatiza uwanja wa Mnazi Mmoja, akileta chakula cha baba yake, Mzee Hamis, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku wa duka hilo. Wasichana hao wawili walisoma shule tofauti, maana katika miaka ile ya hamsini watoto wa Kihindi na watoto wa Kiafrika hawakusoma pamoja. Lakini pale barazani walicheza mdako mpaka taa za mtaani ziwake.

Baba yake Chandrika, Bwana Devendra, aliuza khanga na vitambaa. Mwaka huo wezi walivunja maduka ya jirani, naye akaomba serikalini kibali cha kuwa na bastola. Nchi ilikuwa chini ya Waingereza, na sheria ilikataza mtu yeyote kubeba bastola bila kibali, isipokuwa askari na wanajeshi waliokuwa kazini. Waliopewa vibali walikuwa wachache. Kwa Mwafrika wa kawaida, kukipata ilikuwa kama kutafuta maji jangwani.

Bwana Devendra alipewa. Siku hiyo aliwaambia wageni wake sebuleni, "Si kila mtu anapewa kitu hiki. Serikali inajua nani wa kumwamini."

Chandrika aliyasikia maneno hayo, yakamkaa kichwani. Jioni moja, wakicheza mdako, aliyarudia kwa Zamda.

"Baba yako ana rungu tu," alisema. "Hata akiomba bastola, hapewi. Serikali haimwamini."

Zamda aliacha kokoto zianguke. "Baba yangu alibeba bunduki vita vya Bama, alipokuwa askari wa Waingereza. Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyompa."

"Mlinzi wa usiku? Unasema uongo."

"Na wewe hiyo bastola hujawahi hata kuigusa," Zamda alisema, akaondoka bila kuaga.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, nyumba nzima ililala. Bwana Devendra alikuwa amesahau ufunguo kwenye mlango wa kabati. Chandrika alifungua polepole, akaitoa bastola, akaifunga kwa kipande cha kitambaa na kuitia ndani ya kikapu. Juu yake akaweka maembe. Kisha akaenda Kariakoo, kumwonyesha Zamda kwamba ameigusa.

Nyumbani kwa akina Zamda, mama yake, Bi Tatu, alikuwa uani akifua. Chandrika alimwamkia, akaingia chumbani, akaondoa maembe, akafunua kitambaa na kuishika bastola. Zamda alirudi nyuma mpaka ukutani.

"Iweke chini," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Mzee Hamis. Hakupandisha sauti. Aliichukua bastola kutoka mkononi mwa Chandrika, akaielekeza sakafuni, akaifungua na kutoa risasi zote. Mikono yake ilifanya kazi hiyo bila kusita hata kidogo. Chandrika akajua kwamba Zamda hakusema uongo.

"Baba yako anajua?" Mzee Hamis aliuliza.

"Hajui."

"Ingelipuka njiani, leo tungekuwa na msiba. Twende. Siwezi kukuacha uibebe tena."

Aliirudisha bastola kikapuni, akakibeba yeye mwenyewe. Walipofika Mnazi Mmoja, askari polisi aliwaona: mzee wa Kiafrika aliyevaa shuka na fulana, akitembea na msichana wa Kihindi aliyekuwa karibu kulia. Akawasimamisha na kuuliza kikapuni mna nini.

"Bastola ya Bwana Devendra, tajiri yangu," alijibu Mzee Hamis. "Mtoto aliichukua kwa utoto wake. Namrudishia mwenyewe."

"Kibali chako kiko wapi?"

"Sina kibali."

Askari alifunua kitambaa, akaangalia, kisha akamgeukia Chandrika. "Binti, ni kweli anayosema huyu?"

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Chandrika alimfikiria baba yake, akafikiria majirani, akafikiria kiboko. Mzee Hamis alimtazama kwa utulivu, kama mtu asiye na shaka kuhusu jibu atakalosikia.

"Sijui," Chandrika alisema.

Mzee Hamis alinyoosha mikono, akafungwa pingu, akapitishwa mbele ya maduka ya majirani wa Bwana Devendra.

Jioni habari zilikuwa zimeenea mtaa mzima. Bwana Devendra aliitwa kituoni kuitambua bastola yake. Aliporudi alikuwa amefura kwa hasira. "Miaka yote hii nimemwamini," alimwambia mkewe, Ranjanben. "Kumbe nafuga mwizi. Tena anamsingizia mtoto wangu."

Chandrika alikuwa mezani. Aliisukuma chapati kando. Usingizi wake haukuwa usingizi. Kila alipofumba macho aliiona ile mikono ikinyooshwa.

Kesho yake Zamda hakuleta chakula, lakini alikuja. Alisimama nje ya duka, akamwamkia Ranjanben, "Shikamoo, mama," naye akaitikia kwa ubaridi. Kisha akamtazama Chandrika.

"Mimi nimekwenda kituoni na mama," alisema. "Nimewaambia niliyoyaona. Wamesema mtoto lazima amtetee baba yake. Sasa aliyebaki ni wewe."

Hakutukana, wala hakulia. Aligeuka akaenda zake. Chandrika alitamani Zamda angempiga; ingekuwa nafuu.

Ranjanben alikuwa ameyasikia yote. Alimshika binti yake kidevu. "Chandrika, yule mtoto amesema aliona nini?"

Hapo ndipo alipoeleza kila kitu, kuanzia maneno ya barazani mpaka lile neno moja alilomwambia askari. Bwana Devendra alikuwa nyuma ya mizigo ya khanga, akasikiliza mpaka mwisho. Uso ulimshuka. Alisema kwa sauti ndogo, "Wakijua niliacha kabati wazi, kibali changu kitakwenda. Labda nikawaombe tu wamsamehe, mambo yaishe kimya kimya."

"Wamsamehe kosa gani, Baba?" Chandrika aliuliza. "Mimi ndiye niliyeiba."

Bwana Devendra alimtazama binti yake, kisha akaangalia sakafu. Akachukua kofia yake.

Kituoni, Sajini Nassibu aliwasikiliza akiwa nyuma ya meza kubwa. Chandrika alisema maneno yake akiwa amesimama.

"Kwa nini hukusema jana?" sajini aliuliza.

"Niliona haya, na niliogopa."

"Na huyu mzee amelala juu ya sakafu ya saruji kwa sababu ya haya zako."

Sajini aliingia kwa mkubwa wake Mzungu, wakazungumza kitambo. Alipotoka alisema kwamba Mzee Hamis ataachiwa, na kwamba Bwana Devendra amenyang'anywa kibali pamoja na bastola, kwa sababu aliyepewa silaha aifunge hakuifunga.

Mzee Hamis alitoka akiwa na fulana chafu. Bwana Devendra alimsogelea.

"Hamis, nimekukosea. Rudi kazini."

"Nitarudi, Bwana," alijibu Mzee Hamis. "Lakini watu waliniona nimefungwa pingu, nikipita mbele ya milango yao. Nataka wausikie ukweli, na wausikie kutoka kwenu, si kutoka kwangu."

Basi jioni hiyo baba na binti walipita mlango hadi mlango, duka baada ya duka. Kila mahali Bwana Devendra alisema, "Hamis hakuiba. Nilimdhania vibaya." Na kila mahali Chandrika alisema, "Ni mimi niliyeichukua, nikanyamaza." Maneno hayo hayakuzoeleka. Katika duka la mwisho yalikuwa mazito kama katika duka la kwanza.

Walipomaliza, walimkuta Mzee Hamis barazani, ameshika rungu lake. Chandrika alipiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, Mzee Hamis. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Inuka." Alimngoja asimame. "Nimekusamehe. Sikiliza sasa, ili usirudie. Ile sheria ya bastola inawaruhusu wengine, inawakataza wengine, na mimi ni miongoni mwa waliokatazwa. Hukuitunga wewe. Lakini jana, uliposema hujui, ulijitungia sheria yako mwenyewe, kwamba kosa lako wewe lisikuguse, limguse mtu mwingine. Sheria ya namna hiyo hakuna mkubwa wa kuifuta. Ni lazima uifute wewe, kila utakapoulizwa ukweli, hata kama mdomo unakuwa mzito."

"Na Zamda?" Chandrika aliuliza. "Atakuja?"

"Zamda ana moyo wake, siwezi kumsemea. Wewe ndiye uliyemwita mwongo, na nyumba unaijua. Nenda kesho, uamkie mama yake kwanza."