Taa Nyekundu Njia ya Mwakirunge

Harufu ya mpira unaoungua ndiyo iliyotangulia. Kisha mvuke ukafoka chini ya boneti na kukifunika kioo chote. Badi akakanyaga breki. Gari likaserereka juu ya vumbi jeupe, injini ikagonga kwa kishindo, ikazimika.

Walikuwa wameiacha Mwakirunge nyuma, na Kiembeni bado iko mbali. Kulia vichaka, kushoto vichaka, na jua la kaskazi limesimama utosini. Ilikuwa Ijumaa, wakati wa sala, hata malori ya mawe hayakupita. Kwenye kiti cha nyuma alilala Bi Mwanarehema, mkwewe Badi. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemtia kidonda mguuni, penye vidole, na tangu alfajiri kidonda kilikuwa kikinuka. Walikuwa wakimkimbiza hospitali ya mjini, ng'ambo ya daraja.

Salme, mkewe Badi, aliinama kutazama mbele ya usukani. Akaona kipande cha utepe mweusi kimegandishwa penye mishale ya vipimo. Akakibandua. Chini yake taa nyekundu iliwaka kama jicho la mgonjwa.

"Badi, umeiziba taa ya joto?"

"Nilidhani waya umekorofika."

"Fundi ndiye aliyekwambia?"

Hakuna fundi aliyeliona gari lile. Taa iliwaka wiki nzima, naye akachoka kuiona. Na jana usiku shemeji yake aliposema atafute gari jingine la safari, Badi alicheka mbele ya ukoo mzima: "Langu halijaniangusha hata siku moja, wallahi."

Bi Mwanarehema alikuwa macho. Alisikia yote.

Aibu ilimsukuma Badi nje ya gari. Aliunyakua mtungi mdogo wa maji ya kunywa ya mkwewe, akafungua boneti, akaukamata mfuniko wa rejeta kwa kitambaa.

"Ngoja ipoe kwanza!" Salme alipiga kelele.

Mfuniko uliruka. Maji ya moto yalimrukia mkononi, toka kiganja hadi kiwiko, akapiga ukelele na kuuachia mtungi. Ukapinduka. Maji yote waliyokuwa nayo yakanywewa na vumbi.

"Mwanangu, umeungua?" Bi Mwanarehema aliuliza kwa sauti dhaifu.

Laiti angemtukana. Badi aligeuza uso.

Alijilaza chini ya gari. Paipu ya mpira iliyotoka chini ya rejeta ilikuwa imepasuka penye kiungo. Kwenye buti kulikuwa na ukanda wa tyubu wa kufungia mizigo. Salme alivuta, yeye akashika kwa mkono mzima, wakauzungusha penye mpasuko mpaka ukakaza.

"Sasa maji," alisema Salme. "Midomo ya mama imekauka."

Badi alibeba mtungi, akafuata njia ya malori mpaka kwenye timbo la mawe. Chini kabisa palikuwa na dimbwi la mvua ya zamani. Alishuka kwa vishimo vilivyochongwa ukutani, mkono ulioungua ukivuja na kuchomwa na chumvi ya jasho. Akajaza. Wakati wa kupanda, mtungi akiwa ameufunga mgongoni kwa shati, jiwe lilimvunjikia chini ya mguu. Akaning'inia kwa mkono mmoja, ule mbovu, na ngozi ikaanza kuchunika.

"Jamani!" alilia.

Kichwa cha mwanamke kilichungulia. "Nani huko? Usiachie!" Ilishuka kamba. Aliyeivuta alikuwa Kanze, mvunja kokoto, aliyekuwa akijipumzisha kivulini.

"Hayo usinywe, yatakuharisha," alisema, akiutazama mtungi. Akachukua chupa yake ya maji safi. "Nani mgonjwa?"

"Mkwe wangu. Nimemkwamisha juani."

"Haya, twende."

Walimkuta Bi Mwanarehema amelegea, Salme akimpepea kwa leso. Kanze alimwinua kichwa, akamnywesha kidogo kidogo mpaka akafumbua macho. Badi alisubiri hadi boneti ikashikika. Akawasha injini, akamimina maji ya dimbwi taratibu. Paipu ilidondosha, lakini ilishika.

Wakamshukuru Kanze, wakaenda. Taa ilipowaka, walisimama, wakangoja, wakaongeza maji. Walipofika Kisauni, sauti ilitoka nyuma: "Imewaka, mwanangu. Simama." Bi Mwanarehema alikuwa ameinua shingo, akiitazama.

Alasiri ilikuwa imeingia walipofika hospitali. Daktari alifungua kitambaa cha kidonda, akakunja uso.

"Vidole viwili havitapona, lazima vikatwe. Mngewahi kwa saa chache, pengine. Mbona mmechelewa?"

Salme alitazama sakafu. Bi Mwanarehema akawahi: "Gari liliharibika, baba. Chombo ni chombo."

Badi alihisi uso wote unawaka. Angeweza kunyamaza, na neno hilo lingemsitiri maisha yake yote.

"Siyo hivyo, daktari," alisema. "Nilijua ni bovu. Niliificha taa, nikawaambia watu gari ni zima. Niliona haya kukubali." Akamgeukia mkwewe, macho yasithubutu kumfikia. "Vidole hivyo, mama, nimekukata mimi."

Machozi yalimlengalenga Bi Mwanarehema, na hakuyaficha.

"Umenikosea, Badi," alisema mwishowe. "Nimeumia, wala sitakudanganya. Nenda wakakutie dawa huo mkono. Kisha urudi upesi ukae hapa. Naogopa kisu."

Badi alifungwa bendeji, akarudi mbio. Akaketi chini kando ya kitanda, na hakuondoka.