Leteni Sumu Zenu

Kila asubuhi Priska alifagia uwanja, akamwekea ng'ombe majani, akamnawisha uso mdogo wake Jenifer, mwenye miaka minne na ubishi wa mtu mzima, ndipo akashika njia ya shule. Wiki hiyo alifanya yote hayo amenuna. Hata ng'ombe alitupiwa majani kama aliyekosa adabu.

Kilichomuudhi ni boksi. Lilikuwa boksi kubwa la sabuni, limekaa mlangoni mwa ofisi ya walimu tangu Jumatatu. Mwalimu Eliufoo, mlezi wa klabu ya mazingira, alikuwa ameeleza kwamba Jumamosi gari lingepanda hadi kijijini kwao Bombo kutoka Same mjini kuchukua vitu vya hatari vinavyolala majumbani: dawa za mimea zilizopitwa na muda, betri zilizokufa, oili chafu, taa ndefu zenye unga mweupe ndani. Lingekuja mara moja tu. Priska, kiongozi wa klabu na mwanafunzi wa darasa la sita, alichukua manila na kalamu nyekundu akaandika kwa herufi kubwa: LETENI SUMU ZENU SHULENI. Matangazo yakabandikwa dukani, kanisani na kwenye mashine ya kusaga.

Hadi Jumatano mchana boksi lilikuwa na betri mbili za redio na kopo tupu la rangi ya viatu. Priska aliliangalia mpaka akahisi linamcheka.

Akaamua kupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Alianza kwa mzee Asheri, ambaye nyanya zake zilijulikana mpaka Same mjini. Alimkuta barazani akizibua bomba la kupulizia. Juu ya kichwa chake, chini ya bati, chupa sita za dawa za nyanya zilining'inia kwa kamba, nyingine hata karatasi zake zilishabanduka.

"Shikamoo babu. Nimekuja kuuliza kama una sumu yoyote ya zamani."

Mzee Asheri aliliweka bomba chini polepole.

"Marahaba. Nani kakwambia Asheri anafuga sumu?"

"Hakuna aliyeniambia, babu. Naziona hizo hapo juu."

"Hizo ni dawa," mzee alisema. "Sumu wanayo watu wabaya. Mimi nimezeeka kijijini hapa, sijawahi kumwekea mtu kitu. Leo nibebe sumu mchana, nipite nayo mbele ya macho ya watu? Nenda mjukuu wangu, kamwambie mwalimu wako kwa Asheri hakuna."

Ilikuwa hivyo hivyo nyumba ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na moja. Kila mtu alikuwa na chupa, na hakuna aliyekuwa na sumu. Mama mmoja alimfungia mlango kabisa. Priska alirudi na vumbi magotini na hasira kooni, akang'oa matangazo yote. Akaandika mapya: LETENI DAWA ZA ZAMANI SHULENI.

Jamani, bora angeyaacha. Alhamisi saa mbili asubuhi uwanja wa shule ulijaa. Maneno yalikuwa yamepita kwenye mashine ya kusaga na kutoka yamegeuka: sasa ilisemekana dawa zinaletwa shuleni, tena bure. Akina mama walikuja na kadi za kliniki. Mwingine alileta dawa ya meno iliyokauka, mwingine mfuko wa magome ya mti wa kutibu tumbo. Bibi Fortunata alikaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu, akasema haondoki mpaka magoti yake yapate dawa, na akataka kujua kama ni sindano au vidonge. Mwalimu Eliufoo alifanya kazi ya kuomba radhi hadi saa nne. Priska alijificha nyuma ya choo, akalia kwa hasira.

Lakini hasira ile haikuwa yote ya boksi, na yeye mwenyewe alilijua hilo.

Miezi mitano nyuma, mama yake alimkabidhi kopo la dawa ya kupe lililoanza kuvuja, akamwambia alipeleke kwa mzee Asheri ambaye alikuwa na ng'ombe wengi. Wenzake walikuwa wanamsubiri wacheze rede. Priska hakutaka kuchafuka wala kuchelewa. Aliimimina dawa ile kwenye chupa ya juisi ya pasheni, rangi zikalingana kabisa, akaificha nyuma ya vyungu jikoni ili aipeleke kesho. Jioni mama alipouliza, akajibu, "Nimeshapeleka." Kesho ile haikufika. Baada ya uongo, kuipeleka kulikuwa kugumu kuliko kuiacha.

Gari la Same lilikuwa nafasi yake. Chupa yake ingejichanganya na chupa mia za watu wengine, hakuna ambaye angeuliza. Ila kama hakuna mtu anayeleta, chupa yake ingesimama peke yake ndani ya boksi, watu wangeuliza imetoka kwa nani, na mama angejua. Ndiyo maana alikuwa akigonga milango ya watu kwa nguvu namna ile.

Ijumaa ilikuwa siku ya msaragambo. Msaragambo ukiitwa Upareni, kila nyumba hutoa mtu kwa kazi ya wote, na siku hiyo kazi ilikuwa kutoa tope kwenye ndiva, bwawa dogo ambalo maji yake hushuka kwa mfereji hadi mashambani na majumbani. Darasa la sita nalo lilipelekwa kufyeka nyasi. Mzee Asheri alikuwepo, suruali imekunjwa, akimkwepa Priska kwa macho.

Mchana chakula kikafika. Mama yake Priska alitua beseni la makande, Jenifer akimfuata na kikombe cha plastiki mkononi. Priska alikuwa upande wa pili wa ndiva. Alimwona mama akiingiza mkono kwenye kikapu na kutoa chupa ya juisi.

"Nimeikuta nyuma ya vyungu," mama alikuwa akiwaambia watu. "Nadhani ni ya Krismasi, nikaisahau. Haya, tuanze na wazee."

Jenifer alikuwa wa kwanza kunyoosha kikombe, mzee au si mzee.

Priska alitupa fyekeo akakimbia ukingoni, tope likimvuta miguu. Alipofika, mama alikuwa ameshashika kifuniko. Hata hapo, ulimi wake ulikimbilia njia ya mkato.

"Mama, usiwape. Hiyo juisi imeharibika."

Mama aliitazama chupa, akaguna kwa masikitiko.

"Basi ngoja niimwage," akasema, na akainama kuelekea mdomo wa mfereji.

Priska aliyaona akilini maji yale yakishuka, yakipita shambani kwa mzee Asheri, shuleni, mpaka kwenye ndoo ya maji aliyochota yeye mwenyewe asubuhi. Alimshika mama mkono kwa nguvu zote.

"Ni sumu," alisema. "Ni ile dawa ya kupe. Sikuipeleka kwa babu. Niliimimina humo mimi, nikakudanganya."

Watu wote waliacha kula. Mama hakufoka. Aliiweka chupa juu ya jiwe, mbali na maji, akaenda kumnawisha Jenifer na kunawa yeye mwenyewe kwa sabuni, mara mbili. Kisha akakaa chini pale pale penye tope. Priska alitamani apigwe, lakini hakuna aliyempiga.

Mzee Asheri alisogea, akainama kuitazama ile chupa. Kikombe cha kwanza cha wazee kingekuwa chake. Wa pili baada ya Jenifer angekuwa yeye. Aliinuka, akaondoka, na watu wakadhani amekasirika. Baada ya nusu saa alirudi akiwa amevaa glovu, na ndoo mkononi. Ndani zilisimama zile chupa sita. Alipita nazo katikati ya msaragambo, mbele ya macho ya watu wote.

"Hizi ni sumu zangu," alisema. "Nani anaandika?"

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja alitazama miguu yake, akakumbuka kitu kilichokuwa chini ya kitanda chake. Mwingine akakumbuka ghala. Mwalimu Eliufoo aliwaeleza jinsi ya kuvibeba vitu hivyo bila kuvimwaga, na jioni ile ilibidi mageti ya shule yafungwe mapema kwa sababu boksi halikutosha na stoo ya majembe ilikuwa imejaa.

Jumamosi gari lilipofika, Priska alikaa mezani akiandika daftari la mapokezi. Mstari wa kwanza aliandika jina lake mwenyewe: Priska, chupa moja ya juisi, ndani sumu ya kupe. Bibi Fortunata alipita kumuuliza dereva kama ameleta dawa ya magoti. Priska alitaka kukereka kama kawaida yake, akajikuta anamletea bibi kiti.

Gari lilipoondoka, mama alimsubiri getini, na wakatembea pamoja mpaka karibu na nyumbani.

"Kuvuja kwa kopo hakukuwa kosa lako," mama alisema. "Kuimimina dawa kwenye chupa ya juisi kulikuwa kosa la dakika mbili, ningekugombeza yakaisha. Lakini ulilifunika miezi mitano, na kulifunika huko ndiko kulikokaribia kuniulia mtoto. Siku nyingine ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, hata kama unaogopa. Mimi nitafoka. Kufoka hakuui mtu."

Jenifer alikuja mbio kuwapokea, kikombe chake bado mkononi, akauliza juisi iko wapi. Priska alimbeba akamkumbatia kwa nguvu, mpaka mdogo wake akalalamika kwamba anabanwa.