Mgonjwa Aliyeitwa Sumaili

Mtoto wa kwanza kuzaliwa katika hospitali ya Kadidja hakuwa na mama.

Hospitali yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta, mchezo tu. Mimba mbili za Kadidja zilikwisha kutoka, na hii ya tatu daktari alimwamuru alale mpaka ajifungue. Jamali, mumewe, mchuuzi wa mawese, alipomwona mkewe anashinda akikodolea macho mabati ya paa, alirudi kutoka Bujumbura na kompyuta iliyotumika, yenye mchezo huo ndani. Mcheza kwao hutunzwa. Kadidja akacheza kwao, kitandani, miguu juu ya mito: akajenga mapokezi, vyumba vya madaktari, vyoo, akapanga mabenchi. Akaajiri wauguzi, akamfukuza mmoja mvivu. Majirani wa Rumonge walipokuja kumjulia hali aliwaambia wasikae sana, ana wagonjwa foleni mpaka barabarani. Kwa mara ya kwanza tangu apate mimba ile, alicheka.

Kisha akafungua wodi ya wazazi. Mtoto akatokea kitandani peke yake, na kisanduku cheupe kikauliza aitwe nani. Sasa, Waswahili wa pale hawampi mtoto jina kabla ya siku ya saba. Hata aliyekwisha kuzaliwa huitwa “mgeni” tu, maana jina likimtangulia mwenye nalo, laweza kuokotwa na mwingine. Kadidja aliyajua hayo tangu utotoni. Lakini huu ni mchezo, alijiambia, na jina la mkwewe marehemu alikuwa amelibeba kifuani muda wote aliombeba mtoto. Akaandika: Sumaili.

Watoto waliofuata walichukuliwa na mama zao wakaenda. Sumaili alibaki. Kesho yake alikuwa kijana, amekaa kwenye benchi na shati jeupe, na juu ya kichwa chake, pale mchezo unapoandika ugonjwa, hapakuwa na kitu. Asubuhi iliyofuata alikuwa mtu mzima. Wagonjwa wengine walihama benchi lake, na wauguzi wakawa wanapita mbali naye. Kadidja alidhani mchezo umeharibika. Ila Sumaili aliposimama katikati ya ukumbi na kugeuza uso kumwelekea yeye, mtoto aliyekuwa akipiga mateke tumboni alitulia. Sumaili akakaa, mateke yakarudi. Akasimama tena, na safari hii akakawia.

Kadidja akaizima kompyuta. Jamali alikuwa amekwama Muhuta, gari halina mafuta, na mchana kweupe, jua likiwa limejaa uani, harufu ya mawese iliyozoeleka katika nyumba ile ikaanza kurudi nyuma, ikaingia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu na bendeji mbichi, kisha akasikia kitanda cha magurudumu kikisukumwa juu ya saruji, kikitoka upande wa jikoni, polepole, kikipita ukumbi mrefu ambao nyumba ile haikuwa nao, kwa kuwa toka jikoni hadi chumbani mtu hafikishi hatua kumi, lakini magurudumu yale yalikuja, yakazidi kuja, na tumboni mwake hapakuwa na hata mtikisiko, naye akaweka mikono yote miwili pale na kuomba, “Mwanangu, nipige. Nipige basi.”

Alimpigia simu Nyanya Salima, mganga wa mtaa, akamsimulia aliyoyaona, naye akaja na udi na maji ya kuombea. Akainusa hewa mlangoni.

“Ulimupa jina?” aliuliza kwa sauti ya chini.

“Ndiyo, nyanya. Ilikuwa jeu tu, muchezo wa kompyuta.”

“Kwako iko jeu. Huyu alikuwa anatembea bila jina, wewe umemupatia.”

“Nimufute?”

“Umuulie ndani ya nyumba yako? Apana! Mugonjwa anaruhusiwa, anaenda. Mwambie na adabu.”

Kadidja akawasha kompyuta. Sumaili alikuwa amesimama, uso umejaa kioo kizima. Nyanya akasoma dua, udi ukafuka, na Kadidja akabonyeza kitufe cha kumruhusu mgonjwa huku akinong'ona, “Umepona, baba. Uende salama.” Sumaili akageuka taratibu, akapita mapokezi, akatoka getini. Harufu ikakatika. Mtoto akapiga teke la nguvu, na Kadidja akalia kwa furaha bila kujizuia.

“Jina hili lisiitwe tena hapa,” Nyanya alisema akifunga kibunda chake. “Yeye havunji mulango. Mukimwita, ataitika. Na mutoto hatakuwa wenu tena.”

Jamali aliporudi, Kadidja alimweleza yote. Jamali alicheka, kisha akanuna.

“Jina ya baba yangu izikwe sababu ya jeu?”

“Nakuomba, Jamali. Mupe jina ingine yoyote. Tumekwisha kuzika wawili.”

Hilo lilimgusa. Akakubali aitwe Yasini.

Mtoto akazaliwa mzima, wa kiume, ana sauti ya kuamsha mtaa. Siku ya saba mbuzi alichinjwa, nywele zikanyolewa, na uani wakajaa wazee waliosali na marehemu baba yake Jamali. Shangazi wa Jamali alikuwa amevuka mpaka kutoka Uvira, anajifuta machozi tayari, akisema leo marehemu kaka yake anarudi nyumbani kwa jina la mjukuu. Jamali aliwatazama wazee, akamtazama shangazi. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini kuna wanaume ambao mwiba huwaogofya kidogo kuliko macho ya watu.

“Jamali,” Kadidja akamwita kwa hofu.

Hakumtazama. Alimwinua mtoto na kutangaza, “Sumaili! Sumaili bin Jamali!”

Vigelegele vikapanda. Mtoto, aliyekuwa akilia tangu wembe umguse, alinyamaza ghafla.

“Naam, baba,” ikajibu sauti nzito ya mwanamume kutoka chumbani, ambamo hamkuwa na mtu.

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Kadidja alimpokonya mtoto, akamwekea kiganja kifuani. Alikuwa anapumua. Macho yake yalikuwa wazi, yanautazama mlango wa chumba, na mlango ulikuwa unafunguliwa kutoka ndani.