Uvundo Usiopita Kwenye Simu

Kila siku akitoka shule, Zornitsa alikuwa na kazi moja kabla ya chakula. Alitakiwa ashuke chumba cha chini ya jengo letu, hapa mjini Sevlievo, afungue bomba la pipa la kabichi zilizolowekwa, akinge maji ya chumvi kwa ndoo, kisha ayarudishe kwa juu. Maji yasipozungushwa, kabichi za majira ya baridi huoza. Lakini maji yale ni baridi, vidole hufa ganzi. Zornitsa akawa anakaa kwenye ngazi na kuchezea simu, halafu anapanda juu kifua mbele.

"Umezungusha?" huuliza bibi yake, Yordanka, ambaye miguu yake haishuki tena ngazi zile.

"Nimezungusha, bibi."

Haukupita muda, uvundo ukapanda ngazi bila kupiga hodi. Jamani! Kama soksi za jeshi zima zimechemshwa na mayai viza. Mimi, jirani yao, nilikula supu nimebana pua, na supu yangu yenyewe si ya kusifiwa.

"Ni pipa lako, Yordanka!" alilalamika Gencho, jirani wa chini. Hakulifunua, kwetu pipa la mwenzako huligusi.

"Koma! Ni jibwa lako kuukuu linalolala kule chini. Litoke!"

"Nje theluji, mama. Murdzho atakufa."

"Basi mwogeshe kwenye beseni! Na wewe uingie humo humo."

Mahakamani wangesubiri mpaka kabichi ziote meno. Wakakubali kupatanishwa mtandaoni. Jumamosi tukajazana jikoni kwa Yordanka, mbele ya simu. Mpatanishi, Bi Snezhina, akatokea kwenye kioo, nadhifu, anakunywa chai.

"Bi Yordanka, una hakika ni mbwa?"

"Kabisa! Maji ya pipa mjukuu wangu huyazungusha kila siku. Muulize."

"Zornitsa, harufu haipiti kwenye simu. Mimi nategemea maneno yenu tu. Ni kweli?"

Zornitsa alimtazama Gencho. Mzee alikuwa anakunjakunja kamba ya mbwa wake, macho mekundu.

"Si kweli," alisema. "Sijazungusha tangu theluji ianze. Murdzho hana kosa."

Tukashuka na simu. Kifuniko kilipoinuliwa, povu la kijivu lilitutumka. Kabichi zilielea, zina utelezi kama kamasi za ng'ombe. Gencho alikimbilia nje kutapika. Bi Snezhina, asiyenusa chochote, aliweka chai yake chini, hakuigusa tena.

Wakapatana hapo hapo: Murdzho abaki, pipa limwagwe, Zornitsa asugue chumba kizima. Yordanka aliomba radhi, na kwa mwanamke yule hilo lilikuwa gumu kuliko kung'oa jino.

Alipomaliza kusugua, Zornitsa alinuka hata nywele. Bibi yake alimkalisha karibu, hakumsukuma.

"Nimeona aibu mbele ya watu, lakini aibu itapita," alisema. "Ningemuua mbwa wa mtu kwa sababu niliamini neno lako. Ukidanganya, mjukuu wangu, anayeumia ni asiyekuwepo. Na leo umesema kweli kabla hatujachelewa. Endelea hivyo. Sasa nenda kaoge, unaniua!"