Filimbi ya Jocelyne

Léocadie hakujua kutulia. Alisuka nywele kutwa katika saluni yake ndogo pale mtaani Yeoville, mbali na kwao, macho yakiwa mlangoni. Jumamosi ile ndiyo kabisa! Binti yake Jocelyne alikuwa ametoka tena, na mfukoni kabeba filimbi.

Filimbi ya nini, jamani? Léocadie alimwacha mteja na nywele nusu, akaenda mbio hadi uwanja wa kanisa, mtaa wa jirani wa Observatory, alikosikia vijana hukusanyika.

Moyo ulimlipuka. Vijana wenye vizibao vyekundu walikuwa wamesimama mstari. Filimbi ikalia. Wanne wakambeba mwenzao kwenye machela, na Jocelyne alikuwa mmoja wao.

"Jocelyne! Toka hapo!"

"Eish, Mama! Ni mazoezi tu!"

"Mazoezi? Kwetu Kivu mdogo wangu Gustave alianza hivihivi. Filimbi, mstari, halafu bunduki. Mpaka leo hatujamwona!"

Vijana wakateremsha machela. Evarista, mama Mtanzania aliyewafundisha, akasogea.

"Pole sana, Mama Jocelyne. Hapa hakuna bunduki; filimbi ni ishara tu ya kuinua machela. Hii ni klabu ya huduma ya kwanza. Tunajitolea, halazimishwi mtu. Mtu akiumia, hatuulizi katoka nchi gani. Tunamsaidia. Na mtoto haingii mpaka mzazi akubali. Jocelyne aliniambia umekubali."

Jocelyne akainamisha kichwa.

"Sijakubali," alisema Léocadie, "na sikubali!"

Akamshika binti mkono, wakarudi saluni. Alikuwa bado na hasira na hofu. Akachukua birika la maji ya moto ili achovye ncha za rasta za yule mteja zisifumuke. Birika likamponyoka. Maji yakamwagikia mkono wake wa kulia, mkono unaowalisha.

"Mama weee! Nipe dawa ya meno! Nipe mafuta!"

"Hapana, Mama! Njoo bombani!"

Jocelyne alimvua pete haraka kabla kidole hakijavimba. Akauweka mkono chini ya maji baridi.

"Inatosha!" Léocadie alirukaruka.

"Bado. Ni dakika ishirini. Mafuta yanazuia moto usitoke, na dawa ya meno inachoma ngozi. Malengelenge yakitoka, usiyapasue."

"Nani kakufundisha?"

"Mama Evarista."

Léocadie akauacha mkono chini ya maji. Baadaye Jocelyne alifunika mkono kwa plastiki safi ya kufunikia chakula, bila kukaza, wakaenda kliniki.

"Nani aliyekuhudumia kwanza?" nesi aliuliza. "Kafanya vizuri sana."

Mkono ulipopona, Léocadie alifunga saluni Jumamosi moja asubuhi, akaenda mwenyewe uwanjani.

"Nimekubali," alimwambia Evarista. "Lakini nitakuwa nakuja kuona kwa macho yangu!"

"Karibu sana. Na leo tunahitaji mgonjwa wa mazoezi."

Basi Léocadie, yule asiyejua kutulia, akalala kwenye machela, ametulia tuli. Filimbi ikalia. Safari hii hakushtuka.

"Inueni polepole," Jocelyne aliwaambia wenzake. "Huyo ni mama yangu."