Waya wa Breki Kwenye Choki

Kabla ya kununua pikapu, Pazi wa Ujiji alikuwa fundi baiskeli. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, milango miwili ya rangi mbili, lakini aliipenda kama mboni ya jicho lake. Miaka ile watu walikuwa wakivuka ziwa kukimbia vita Burundi. Gari lolote lililoweza kutembea lilikuwa na kazi. Lilibeba dagaa asubuhi, likabeba wagonjwa jioni.

Siku moja waya wa choki ukakatika. Choki ndiyo ile dereva anayoivuta kwa kitufe asubuhi ili injini ya baridi iwake. Pazi hakwenda dukani. Alichukua waya wa breki ya baiskeli, akaufunga mahali pa ule wa zamani. Akavuta kitufe, injini ikanguruma.

"Umeona?" akamwambia mkewe Saumu. "Baiskeli imeokoa gari."

"Na huo moshi mweusi, Baba Ummy?"

"Gari la zamani lazima livute sigara," akajibu, akacheka mwenyewe.

Mpangaji wao Habonimana naye aliuona moshi ule. Kwao Burundi alikuwa fundi na dereva wa lori la kahawa. Hapa Ujiji alikuwa mkimbizi anayelima mihogo.

"Jirani, gari linakunywa petroli sana," alisema. "Nikuangalizie choki?"

"Wewe angalia mihogo yako," Pazi akamjibu. Lilikuwa neno baya, na alilitamka huku anatabasamu.

Haikupita wiki, habari ikaja kutoka Katonga. Mama mzazi wa Habonimana ameshushwa ufukweni na mtumbwi. Hajiwezi, na anamwita mwanawe. Habonimana alikuja mbio, hata viatu hakuvaa.

"Jirani, nipeleke."

"Panda," alisema Pazi, bila kuuliza nauli. Roho nzuri alikuwa nayo. Kilichomponza ni kichwa kigumu.

Alivuta choki, gari likawaka. Akakirudisha kitufe ndani, kama inavyotakiwa. Walikwenda vizuri mpaka kwenye kilima karibu na Bangwe. Hapo injini ikaanza kukohoa. Ikatoa moshi mweusi, ikazima. Harufu ya petroli ikawajaa puani. Pazi akavuta choki tena, akapiga stata. Wapi!

"Usivute choki, injini ina moto," alisema Habonimana. "Fungua boneti nione."

"Tulia kwenye kiti. Gari langu nalijua."

Hakulijua. Aliona aibu tu, mkimbizi kumwonyesha kosa lake mbele ya wapita njia. Akaendelea kupiga stata mpaka betri ikachoka. Jua likapanda. Mwishowe Habonimana alishuka bila kuomba ruhusa. Akafungua boneti, akaondoa kichujio cha hewa kilichokaa juu ya kabureta.

"Njoo uone," alisema. "Kwenye koo la kabureta kuna kibati. Ukivuta choki, kibati kinafunga. Hewa inapungua, petroli inazidi. Injini ya baridi inataka hivyo, kwa muda mfupi tu. Ikishapata moto, kibati lazima kisimame wima, hewa ipite. Chako kimefunga."

"Mbona kitufe nimekirudisha?"

"Kitufe kimerudi. Kibati hakikurudi. Waya wa breki unajua kuvuta tu. Ukiusukuma, unajikunja."

Pazi akainama, akaugusa ule waya. Jambo hilo alilijua tangu ujana wake. Kwenye baiskeli waya huvuta breki, halafu springi ndiyo huirudisha. Hapa springi haikuwepo, na hakufikiria.

Habonimana alikifungua kibati kwa kidole. Akazitoa plagi zilizolowa petroli, akazifuta kwa shati lake. Wakasubiri petroli iliyozidi ikauke, kisha akazirudisha. Wapita njia wakasukuma, gari likawaka.

Katonga walimkuta Agnesi, muuza dagaa, amekaa mchangani. Pembeni yake bibi alikuwa amelala, amefunikwa kitenge mpaka usoni.

"Pole, baba," Agnesi alisema. "Amefariki sasa hivi tu. Amekuita mpaka sauti imemwishia."

"Mana yanje!" alilia Habonimana kwa Kirundi, akimwita Mungu wake, akaanguka magotini.

Pazi alisimama kando. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baada ya matanga alimwomba Habonimana amsaidie kuchagua choki. Hakutegemea atakubali, lakini alikubali. Walikwenda kwa Bonaventura, muuza vipuri. Bonaventura akawaonyesha kabureta yenye choki isiyo na kitufe.

"Hii inajifungua yenyewe injini ikipata moto," alisema.

"Ni nzuri ikiwa nzima," alisema Habonimana. "Ndani ina springi inayofanya kazi kwa joto. Springi ikichoka, kibati kinaweza kubaki kimefunga. Gari hili liliundwa kwa choki ya kuvuta. Tupe waya wa choki wenyewe, ule mgumu wa uzi mmoja, urefu sawa na wa zamani."

Alipoufunga nyumbani, alimwacha Saumu avute na kusukuma kitufe. Pazi akatazama kibati. Kikafunga kabisa, kikafunguka kabisa.

"Usiamini kitufe," Habonimana alimwambia. "Amini kibati."

Moshi mweusi uliisha. Petroli ya siku moja ikatosha siku mbili. Mwezi uliofuata Armelle, mkimbizi mjamzito, alishikwa na uchungu Katonga. Pazi na Habonimana walimbeba. Gari lilipita Bangwe bila kukohoa hata mara moja, na Armelle akajifungua salama hospitalini. Ndugu zake walicheka na kupiga vigelegele. Pazi aligeukia ukutani, akalia. Alikuwa ameona jinsi njia ile ilivyo fupi.

Wakiwa njiani kurudi, alizima gari kando ya barabara.

"Jirani, nisamehe. Ningekusikiliza, mama yako angekuona."

Habonimana alitazama ziwa.

"Gari nimekutengenezea," alisema. "Hilo lingine, bado sijaweza. Washa twende."